Nani Kama Mama? Kuisoma Tawasifu ya Jennette McCurdy

Katika semina yetu moja ya fasihi linganishi muhula uliopita, mwenzetu mmoja alisimama akasema kwamba kitabu hiki hakistahili kusomwa chuoni. Hoja zake zilikuwa mbili. Kwanza, ni kitabu cha mwigizaji wa televisheni, na vitabu vya waigizaji wa televisheni, kwa maneno yake, ni umbeya uliopigwa chapa. Pili, jina lake peke yake ni laana. Mtoto gani mwenye akili timamu ataandika kwenye jalada, tena kwa herufi kubwa, kwamba anafurahi mama yake amekufa? Darasa lilicheka, mhadhiri akatabasamu, kengele ikalia. Mjadala ukaishia hapo.

Mimi sikucheka. Sababu yangu nitaieleza mwishoni, maana mhakiki hana budi kuitazama kazi kwanza kabla hajajitazama mwenyewe. Makala haya basi ni jibu langu kwa ndugu yule, na nitajitahidi kulitoa kama mhakiki, si kama wakili wa mtu.

Kitabu chenyewe kinaitwa I'm Glad My Mom Died. Kiliandikwa na Jennette McCurdy na kilitoka Marekani mwezi Agosti 2022. Ukikitafsiri utakwama kwenye jina tu. Sisi tuna kufa, kufariki, kuaga dunia, kutangulia mbele ya haki. Tuna maneno mengi ya kumfunika marehemu shuka. Kiingereza nacho kina maneno yake ya adabu, lakini mwandishi ameyaruka yote akachukua lile lililo uchi. Kwa hiyo tafsiri ya haki ni Nafurahi Mama Amekufa. Anayeandika “amefariki” atakuwa amemsaidia mwandishi mahali ambapo hakuomba msaada.

Mwandishi na maisha yake

Si desturi nzuri kuanza uhakiki kwa historia ya mwandishi, lakini hii ni tawasifu, na hapa historia ndiyo malighafi. McCurdy alizaliwa California mwaka 1992, akakulia Garden Grove katika familia ya Wamormoni isiyo na uwezo mkubwa. Nyumba yao ilikuwa imesheheni vitu ambavyo mama hakukubali vitupwe, hata vyumba vya kulala vikawa havilaliki, watoto wakalala sebuleni kwenye magodoro ya kukunja. Mama yake, Debra, aliugua saratani ya matiti Jennette akiwa mdogo kabisa. Mama huyo alitamani kuwa mwigizaji tangu utotoni, lakini wazazi wake hawakukubali. Ndoto ile hakuizika. Aliihamishia kwa binti.

Jennette akaanza kuigiza akiwa na miaka sita, kwanza kama mmoja wa wale watoto wanaopita nyuma ya wahusika bila kusema neno. Akapanda taratibu: sehemu ndogo hapa, kipindi kimoja pale. Mwaka 2007 akapata nafasi iliyomfanya ajulikane duniani, ya Sam Puckett katika tamthilia ya vichekesho iCarly ya kituo cha Nickelodeon, iliyoendelea hadi 2012. Mwaka 2013 akaingia katika Sam & Cat pamoja na Ariana Grande. Septemba ya mwaka huohuo mama yake alifariki, saratani ikiwa imerudi. Mwaka 2014 tamthilia ile ikakatishwa. Baada ya kazi chache nyingine aliacha uigizaji, akageukia uandishi na uongozaji wa filamu fupi, na mwaka 2021 akatangaza hadharani kwamba hana nia ya kurudi. Kabla ya kitabu alikuwa na onyesho la jukwaani la mtu mmoja lenye jina hilohilo, lililoanza Los Angeles mwaka 2020 likakatizwa na janga la korona. Kitabu kilipotoka kilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya New York Times ya vitabu vinavyouzwa sana. Mwaka 2025 ikatangazwa kwamba kitatengenezwa tamthilia ya televisheni na kampuni ya Apple, Jennifer Aniston akiwa mama. Msomaji ataona kinaya cha jambo hili bila mimi kumnyooshea kidole: mtoto aliyeikimbia televisheni anarudishwa humohumo, safari hii kama hadithi.

Hayo ni maisha. Sasa tuje kwenye sanaa.

Msimulizi asiyejua anachokisimulia

Kitabu kina sura 91, nyingi fupi sana, na kimegawanywa sehemu mbili, kabla ya kifo cha mama na baada yake. Usimulizi ni wa nafsi ya kwanza na wakati uliopo tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu anaweza kusema, ala, hilo nalo ni jambo? Ndiyo, ni jambo, na kwangu mimi ndilo linalokipa kitabu hiki thamani yake.

Tawasifu nyingi tulizozizoea zinaandikwa na mtu mzima aliyekaa kitini, anatazama nyuma, anahukumu. “Wakati ule nilikuwa mtoto, sikujua kwamba…” Sentensi ya namna hii humpumzisha msomaji. Inamwambia kwamba yupo mtu mwenye busara aliyeshika usukani. McCurdy amemwondoa mtu huyo. Katika sura za mwanzo anayezungumza ni mtoto wa miaka sita, halafu wa nane, halafu wa 11, na kila mmoja anajua kile tu alichokijua siku ile. Na anampenda mama yake kupita kiasi.

Hebu tuchukue mfano. Katika sherehe ya kutimiza miaka sita anapewa zawadi ya nguo asiyoipenda, naye anajifanya ameipenda mno, maana ameshajua kuusoma uso wa mama kama nahodha anavyosoma mawingu. Kisha unafika wakati wa kuzima mishumaa na kuomba jambo moyoni. Watoto wengine wangeomba baiskeli. Yeye anaomba mama aishi mwaka mmoja zaidi. Mwandishi haongezi neno. Hatuambiwi kwamba huu ni mzigo usiomfaa mtoto. Mtoto anaona ni wajibu wa kawaida, na sisi tunabaki peke yetu na ile hofu.

Mfano wa pili una uzito zaidi. Akiwa na miaka 11 anaona mwili wake unaanza kubadilika, anaogopa, kwa sababu mama hapendi akue na kwa sababu watoto wadogo ndio wanaopata kazi. Anamwuliza mama afanyeje. Mama anamfundisha kujinyima chakula. Msimulizi anatusimulia haya kwa furaha! Hatimaye yeye na mama wana siri yao, wana mradi wa pamoja. Baadaye daktari anapotaja jina la ugonjwa huo, mtoto analisikia neno hilo kwa mara ya kwanza na kuona linafanana na jina la mnyama wa kale, dinosaria. Msomaji anacheka, halafu anaona aibu kwamba amecheka. Kila mtu mzima aliyemo chumbani analijua lile neno isipokuwa yule aliyebebeshwa ugonjwa wenyewe.

Hii ndiyo mbinu ninayoiita ya msimulizi asiyejua. Tofauti yake na msimulizi mwongo ni kwamba huyu hadanganyi hata kidogo. Anasema kweli tupu, lakini kweli yake ni fupi kuliko yetu. Pengo lililopo kati ya anachosema na tunachoelewa linamgeuza msomaji kuwa shahidi. Katika semina mwenzangu alidai kwamba binti anamshtaki mama. La hasha. Katika nusu ya kwanza ya kitabu binti anamtetea mama kila ukurasa. Anayeshtaki ni wewe msomaji, na ndiyo maana kitabu kinakera.

Mwigizaji anayekula na mwigizaji mwenye njaa

Kinaya kikubwa cha kazi hii hakikubuniwa na mtu; kilitokea. Wale waliokuwa na jirani mwenye dishi watamkumbuka Sam Puckett: mkorofi, mbabe, na zaidi ya yote mlafi wa nyama. Kila tukimwona ana paja la kuku au kipande cha nyama ya nguruwe mkononi, na hapo ndipo kichekesho kilipo. Sasa kumbe msichana aliyekuwa akila mbele ya kamera alikuwa akiishi kwa kuhesabu kila tonge. Mama alipokwisha kufa, njaa ile ilibadilika ikawa ugonjwa wa aina nyingine, wa kula kupita kiasi na kujitapisha, mpaka alipotafuta tiba.

Ninalisisitiza hili kwa sababu linatugusa sisi watazamaji. Tulicheka. Mimi nilikaa sakafuni kwa jirani nikacheka na wenzangu, na kwa kweli sioni kosa letu lilikuwa wapi, maana tulikuwa watoto. Hata hivyo kitabu kinanilazimisha niulize: sanaa ya uigizaji wa mtoto ni sanaa ya nani? Mtu mzima anapoigiza njaa au shibe, kuna mkataba kati ya nafsi yake na uhusika. Mtoto mkataba huo anasainiwa. Kuna sura ambamo Jennette, baada ya usaili mmoja kwenda vibaya, anamwambia mama ndani ya gari kwamba hataki tena kuigiza. Mama anaangua kilio. Mtoto anayafuta maneno yake papo hapo, na kilio kinakoma. Mtoto huyu alisifiwa kote kwa uwezo wake wa kutoa machozi anapotakiwa. Sura hii inatuonyesha ni nani hasa aliyekuwa bingwa wa machozi katika familia ile.

Marekani wana sheria inayojulikana kwa jina la Coogan, iliyopitishwa California mwaka 1939 baada ya Jackie Coogan, yule mtoto aliyeigiza na Charlie Chaplin, kukua na kukuta mapato yake yametumiwa na mama yake na baba wa kambo. Siku hizi sheria hiyo inataka asilimia 15 ya mapato ya mtoto iwekwe akiba. Ni sheria nzuri. Lakini ukisoma kitabu hiki unagundua kwamba sheria inalinda pesa tu. Nani atalinda tumbo? Nani atalinda ile nia ya mtoto? Akiwa bado mdogo Jennette aliandika mchezo wa filamu, akampelekea mama kwa fahari. Mama hakufurahi, alimwambia waandishi huvaa hovyo na hunenepa, afadhali aendelee kuigiza. Kwa hiyo kitabu tunachokishika mkononi ni kile kilichokatazwa. Hapo ndipo maana ya jina inapofunguka: kama mama angeishi, mwandishi huyu asingekuwapo. Furaha inayotajwa kwenye jalada haina maana ya kusherehekea maiti. Ni pumzi ya mtu aliyeruhusiwa kushika kalamu.

Mwana Kupona na binti yake

Wahakiki wenzangu watauliza, hili linatuhusu nini sisi? Nitajibu kwa kuwakumbusha utendi tuliousoma wote mwaka wa kwanza. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa mawaidha: dini, adabu, namna ya kuishi na mume na watu. Ni mojawapo ya nguzo za fasihi yetu, na sina nia ya kuitikisa. Ninachotaka kuonyesha ni mwelekeo wa sauti. Mama yu kitandani, anasema. Binti yu karibu, anasikiliza, na ameambiwa alete wino na karatasi. Shaaban Robert naye alimtungia binti yake Utenzi wa Hati, na sauti ikashuka vilevile kutoka kwa mzazi kwenda kwa mwana. Katika mapokeo yetu wosia ni mto unaoteremka.

Kitabu cha McCurdy kinaanza kando ya kitanda kama hicho. Mama yuko hospitali, hana fahamu. Watoto wanamzunguka, kila mmoja anamwambia habari njema akitumaini ataamka. Jennette anaamini habari yake ndiyo itakayomwamsha: amefikia uzito ambao mama alimtakia siku zote. Mama haamki. Hapo kwa mara ya kwanza binti anazungumza na mama hawezi kujibu, na kurasa zote zinazofuata zinatoka katika ukimya huo. Ni wosia unaopanda mlima.

Sisemi Debra ni Mwana Kupona. Mwana Kupona alitaka binti yake aokoke duniani na akhera. Mama huyu alitaka binti awe yeye. Lakini baada ya kusoma kitabu hiki niliurudia ule utendi nikajiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza: Mwana Hashima angejibu nini? Pengine angeshukuru tu. Pengine angekuwa na beti zake mbili tatu. Hatuna beti hizo. Uhakiki wetu wa ufeministi umemhoji sana Mwana Kupona kuhusu mume. Haujamhoji vya kutosha kuhusu binti. Tunasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Na uchungu wa mzazi, aujuaye ni nani?

Kasoro

Kazi hii haikukosa mapungufu, na nisipoyataja nitakuwa nimepiga debe.

Kwanza, nusu ya pili ni dhaifu kuliko ya kwanza. Mtoto asiyejua anapokua akaanza kujua, ile nguvu ya pengo inapotea, na nafasi yake inachukuliwa na lugha ya washauri wa saikolojia. Mara kwa mara tunaambiwa tatizo ni nini badala ya kuoneshwa. Zipo sura zinazookoa hali. Anapomsikia mshauri wake wa kwanza akidokeza kwamba mama alimtesa, anamwacha mshauri, hamwachi mama. Hapo msanii bado yu kazini. Ipo pia ile barua pepe ya mama, ya wakati alipoona picha za binti na mwanamume, iliyojaa matusi mazito, halafu mwishoni mama anaomba pesa za friji mpya. Mwandishi wa riwaya angeambiwa ametia chumvi.

Pili, wahusika wengine ni vivuli. Kaka zake watatu tunawajua kidogo mno. Baba, ambaye baada ya msiba inabainika si aliyemzaa, anapita kama mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Tatu, na hili ndilo kubwa, lawama ya tasnia ni nyepesi ikilinganishwa na lawama ya mama. Mwandishi anamweleza bosi mmoja wa vipindi ambaye hamtaji kwa jina, anamwita tu Muumbaji, na anasimulia kwamba aliambiwa atapewa dola 300,000, asizungumze hadharani kuhusu aliyoyapitia, naye akazikataa. Ni ukurasa wa kishujaa. Lakini mfumo unaohitaji watoto waonekane wadogo, unaolipa bili za nyumba kwa mshahara wa mtoto, haukuanzishwa na Debra. Mama alikuwa meneja wa kiwanda ambacho hakukijenga. Mhakiki wa mrengo wa kijamii angependa kukiona kiwanda chenyewe. Hata hivyo nakiri kwamba mtoto haoni kiwanda, anaona mama. Pengine hii ni bei ya mbinu niliyoisifu.

Hitimisho

Niliahidi kueleza kwa nini sikucheka. Mama yangu alifariki miaka miwili iliyopita. Kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikisoma chuo, mjomba alinipa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu, ule unaosomwa kabla ya mazishi: alizaliwa lini, alisoma wapi, ameacha watoto wangapi. Niliandika kurasa mbili. Sentensi moja ilisema kwamba mama alikuwa mkali, na kwamba mara nyingine ukali wake ulituumiza na hatukuwahi kuzungumza. Mjomba aliisoma, akachukua kalamu, akaifuta. “Mwanangu, haya hayasemwi msibani.” Mahali pale tukaandika kwamba alikuwa mama mwenye upendo na msimamo. Nilisimama mbele ya watu nikaisoma hiyo “msimamo” bila kutetemeka.

Mjomba hakukosea. Msiba si mahali pake, na mama yangu si Debra McCurdy. Alinipenda, nami nampenda hadi leo. Lakini kama si msibani, ni wapi? Ndipo nilipoelewa kazi ya utanzu huu. Wasifu wa marehemu ni kwa ajili ya waliokuja kuzika. Tawasifu ni kwa ajili ya aliyebaki. Mwishoni mwa kitabu McCurdy yuko makaburini, anayasoma maneno ya sifa yaliyorundikwa kwenye jiwe la mama yake, anajiuliza kwa nini tunawapamba wafu, akina mama hasa. Kisha anainuka, anaondoka, na anajua hatarudi. Wapo watakaouona mwisho huu kuwa mkatili. Mimi niliuona kuwa mkweli, na sikukubaliana nao: mimi kaburini kwa mama nitarudi. Lakini nitakwenda na ile sentensi iliyofutwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa semina, kuhusu umbeya: mmbea husema ya wengine ili asiseme yake, na mwandishi huyu amefanya kinyume. Kuhusu laana: anayelaani haombi mama aishi mwaka mmoja zaidi. Kitabu nimekiacha kwa mwenzangu wa chumba cha pili. Kichukue, ukisome chote, jina na yaliyomo, halafu tukutane tubishane vizuri.